Anguko si moja: kumsaidia mwenza mwenye Parkinson anayeanguka

Mume wangu ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, na alianguka mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza ilikuwa mlangoni mwa bafu. Nilikuwa nyuma yake nimebeba taulo, nikaona miguu imesimama kama iliyopigiliwa misumari sakafuni huku kifua kinaendelea na safari. Akatua kwa magoti. Mara ya pili ilikuwa asubuhi kando ya kitanda: alisimama, akapiga hatua mbili au tatu, kisha akalegea akashuka chini kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba. Mara ya tatu alikuwa jikoni, anavuta mlango wa kabati la juu. Alikwenda chali mzimamzima, bila hata kunyoosha mkono wa kujizuia.

Kliniki nikamwambia daktari, "Siku hizi anaanguka sana." Akaniuliza maswali manne: alikuwa anafanya nini, saa ngapi, dawa alimeza saa ngapi, na aliangukia upande gani? La kwanza nilijibu kwa kubabaisha. Mengine sikuyajua. Nilikuwa nimeyatia maanguko yote matatu kwenye kapu moja, na tiba niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja tu, kumnunulia mkongojo. Leo najua kwamba mkongojo usingezuia hata moja kati ya hayo matatu.

Tafiti zilizofuatilia wagonjwa wa Parkinson kwa mwaka mmoja zinaonyesha kwamba takribani 60 kati ya kila 100 huanguka angalau mara moja, na wengi wa hao huanguka tena na tena. Aliyeanguka mwaka jana ndiye aliye kwenye hatari kubwa ya kuanguka mwaka huu. Kwa hiyo anguko la kwanza, hata kama hakuumia, ni la kupeleka kwa daktari. Na anayeweza kusema lilikuwa anguko la aina gani ni wewe unayeishi naye.

Mwendo unaohitaji kufikiriwa

Mtu mwenye afya hafikirii anapotembea. Anainuka kitini huku anaongea na simu, anakwepa meza, anageuka, anashika kitasa, na akili yake yote iko kwenye maongezi. Kazi hiyo inafanywa na viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, vinavyoendesha mambo tuliyoyazoea bila kutusubiri tuyaamuru. Viini hivyo hutegemea kemikali iitwayo dopamini, inayotengenezwa na chembe za sehemu ndogo yenye rangi nyeusi kwenye shina la ubongo. Kwa mwenye Parkinson chembe hizo hufa polepole, na dalili za mwendo huanza kuonekana wakati sehemu kubwa yake imeshapotea.

James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817 kwa kuangalia watu sita, aliliona jambo hili kwa macho yake tu, bila kipimo chochote cha ubongo. Aliandika kwamba kiwiliwili huinama mbele na mwendo hugeuka kutoka kutembea kuwa kukimbia bila mtu kutaka. Ndicho tunachokiona nyumbani: hatua fupi fupi za haraka zikijaribu kuufikia mwili uliokwishatangulia.

Mwendo wa kujiendea wenyewe ukipotea, mgonjwa anatembea kwa kufikiri. Sehemu ya mbele ya ubongo inabebeshwa kazi ambayo si yake, na inaiweza, ila kwa shida. Ukimwongezea kazi ya pili, moja kati ya hizo mbili inaanguka, na mara nyingi inayoanguka ni ile ya kutembea. Mimi nilikuwa na mazoea ya kumuuliza mambo tukiwa njiani kuelekea mezani: umempigia kaka yako? risiti uliiweka wapi? Nilidhani namchangamsha, kumbe nilikuwa namnyang'anya miguu. Sasa tukitembea, tunatembea. Akitaka kuniambia kitu anasimama kwanza, anashika ukuta, ndipo anasema. Kubeba kikombe cha chai huku anatembea nako ni kazi ya pili, na kutafuta ufunguo mfukoni pia.

Kuna jambo jingine linalopotea, nalo ni hatua ya kujiokoa. Mtu akikusukuma kidogo, mguu wako unaruka wenyewe kwenda kuukinga mwili. Kwa mwenye Parkinson hatua hiyo inachelewa au inakuwa ndogo mno, na misuli iliyokakamaa haimsaidii. Kipimo cha hatua tano kilichotolewa na Hoehn na Yahr mwaka 1967, ambacho madaktari bado wanakitumia, kinaihesabu hatua ya tatu kuwa pale mwili unapoanza kushindwa kujirudisha wima. Daktari akisimama nyuma ya mwenza wako na kumvuta mabega kwa ghafla, ndicho anachokitafuta.

Anguko la mlangoni: miguu kuganda

Hili ndilo linalowachanganya watu zaidi, kwa sababu mtu anayeweza kupanda ngazi kumi anashindwa kuvuka kizingiti kimoja. Majirani wanaweza kudhani anajifanya. Hajifanyi. Miguu inaganda kweli, na mwenyewe anasema ni kama nyayo zimenata kwenye gundi.

Inaganda mahali panapojulikana: mlangoni, kwenye kona nyembamba, anapogeuka, anapokaribia kiti, anapoanza kutembea, na anapoharakishwa. Simu ikiita au mlango ukigongwa, anaganda. Lifti ikifunguka na watu wakisubiri, anaganda. Haraka peke yake inatosha kumwangusha.

Kitu cha kwanza ambacho sisi wenza hukifanya ni kumvuta mkono. Mume wangu aliniambia siku moja, bila hasira, "Mama, ukinivuta unavuta kifua. Miguu haijaja." Ndivyo ilivyo. Miguu iko palepale, wewe unasogeza uzito wa juu mbele yake, na unamaliza kazi ambayo ugonjwa uliianza.

Kinachosaidia ni kusimama kabisa, kuacha kupigana na miguu. Apumue, anyooshe mgongo, ahamishie uzito mguu wa kushoto, kisha wa kulia, mara mbili tatu kama anayebembea polepole, halafu atoe hatua moja kubwa ya makusudi. Wengine wanasaidiwa na kuhesabu kwa sauti, "moja, mbili, haya," wengine na mdundo wa simu au wimbo wanaoujua. Wengine wanahitaji kitu cha kuvuka. Kwetu tulibandika tepu za rangi kali sakafuni, zimekatiza njia ya kuingia bafuni, moja baada ya nyingine kwa umbali wa hatua yake. Akifika pale haangalii mlango, anaangalia tepu na kuivuka. Inashangaza mara ya kwanza kuiona, lakini ina maelezo. Hatua inayolengwa kwa macho hupita njia nyingine ya ubongo, haingoji vile viini vilivyochoka. Kila mgonjwa ana njia yake inayomfaa, na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anayeujua ugonjwa huu anaweza kuwasaidia kuitafuta badala ya kubahatisha.

Kugeuka kuna somo lake. Asizunguke papo hapo kwa mguu mmoja. Azunguke kwa upana, kama gari linalochukua kona, akipiga hatua kamili. Mahali pakiwa padogo ahesabu hatua za kugeuka akiinua kila mguu. Na usimwite kutoka nyuma. Nimelijua hilo kwa uchungu: nilimwita jina tu, kwa mapenzi, akageuza kichwa na kiwiliwili, miguu ikabaki ilipokuwa.

Anguko la kwenda chali

La jikoni lilikuwa la namna hii. Kuvuta kitu kuelekea kwako, kunyoosha mikono juu ya kichwa, na kurudi nyuma hatua moja ni mambo matatu yanayoupeleka uzito visiginoni, na huko hakuna hatua ya kuokoa. Mara nyingi huanguka kama mti, na kisogo ndicho kinachopokea.

Dawa yake ni kupanga vitu zaidi kuliko kumeza vidonge. Kila anachokitumia kila siku tulikishusha kikawa kati ya kiuno na bega. Mlango unaofunguka kwa kuvutwa anasimama ubavuni mwake, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, si miguu sambamba. Kwenye sinki vilevile, mguu mmoja mbele na mkono mmoja ushike ukingo. Akitaka kukaa, asogee mpaka agusishe kiti nyuma ya miguu, anyooshe mikono ashike mikono ya kiti, ndipo ashuke. Kujitupa kitini kutoka mbali ni anguko lililobahatika kukuta kiti.

Fremu ya kutembelea isiyo na magurudumu, ile ya kuinua na kutua, haiwafai wengi wenye tatizo hili. Kila anapoiinua anaegemea nyuma, na mwendo wake unakatika. Yenye magurudumu na breki inawafaa zaidi, lakini kwa yule ambaye hatua zake hukimbia, magurudumu yanaweza kumtoroka. Msinunue kwa kuona ya jirani. Ajaribu kwanza mbele ya mtaalamu.

Anguko la asubuhi: presha inayoshuka

Hili ndilo tulilolikosa kwa muda mrefu zaidi, nami nalipa nafasi kubwa kwa sababu linapimika nyumbani na linatibika.

Parkinson haishii kwenye mikono na miguu. Inagusa pia mishipa ya fahamu inayobana mishipa ya damu tunaposimama. Ukisimama, damu inavutwa miguuni. Mwili wenye afya unabana mishipa mara moja na ubongo haukosi kitu. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson kubana huko kunachelewa au hakuji, na ubongo unabaki na damu haba. Vidonge vyenyewe vya Parkinson vinaweza kuishusha presha zaidi, na kama mwenza wako alikuwa anatumia dawa za presha ya juu tangu zamani, huenda sasa zinamzidi.

Pima hivi. Alale dakika tano, pima. Asimame, wewe ukiwa karibu na kiti kikiwa nyuma yake, pima baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ni presha inayoanguka kwa kusimama. Mume wangu akiwa amelala alikuwa na 138 kwa 80. Dakika tatu baada ya kusimama ilikuwa 98 kwa 62. Alikuwa ananitazama tu, anasema yuko sawa.

Hapo ndipo tulipodanganyika. Si wote wanaosikia kizunguzungu. Wengine wanalalamika maumivu ya shingo na mabega wakiwa wamesimama, wengine macho kuingia ukungu, miguu kukosa nguvu, au kuchanganyikiwa kidogo baada ya kula. Kula kwenyewe kunavuta damu tumboni, na ndiyo maana wengine huanguka wanapoinuka mezani.

Sasa asubuhi yetu ina vituo. Anakaa kitandani miguu ikiwa chini, anapiga vidole na visigino sakafuni mara nyingi, anakunja ngumi na kuachia. Kabla ya hapo ameshakunywa nusu lita ya maji kwa dakika chache, kwa sababu maji mengi kwa mkupuo hupandisha presha kwa muda. Mwenye shida ya moyo au figo asilifanye hilo bila kumuuliza daktari. Kisha anasimama akishika meza, anangoja, ndipo anakwenda. Kichwa cha kitanda tumekiinua kwa kuweka vibao chini ya miguu ya kitanda upande wa juu. Daktari alipitia dawa zote, za Parkinson na zisizo za Parkinson, akaondoa moja. Wako wanaohitaji soksi au mkanda wa kubana tumbo, na wako wanaohitaji kidonge cha kupandisha presha. Tangu hapo kando ya kitanda hakuna aliyelegea.

Saa za vidonge

Levodopa, dawa iliyobadilisha maisha ya wagonjwa hawa tangu miaka ya 1960, ugonjwa unapokomaa haidumu mwilini kwa muda uleule wa zamani. Dozi inapanda, inafanya kazi, inaisha, na kabla ya dozi inayofuata kuna nusu saa au saa nzima ambayo mtu anakuwa mzito, miguu imeganda, sauti imeshuka. Maanguko mengi ya kuganda yamejificha hapo. Wengine huanguka wakati dawa imepanda sana, mwili unapojinyonganyonga na mtu anajiona mwepesi kuliko alivyo. Ndiyo sababu daktari aliuliza vidonge vilimezwa saa ngapi.

Dozi ya saa nne ni ya saa nne, si ya saa nne na nusu. Vyakula vyenye protini nyingi hushindana na levodopa kupenya kutoka utumbo kwenda damu na kutoka damu kwenda ubongo, kwa hiyo wengi huimeza nusu saa kabla ya kula. Vidonge vya madini ya chuma pia huizuia, vitenganishwe kwa saa kadhaa. Choo kikifunga, dawa inachelewa kufika inapofyonzwa.

Lazima niseme wazi: levodopa haitibu yote. Inasaidia ukakamavu, wepesi wa mwendo, na kuganda kule kunakotokea dawa ikiwa imeisha. Kukosa mizani kwenyewe inakugusa kidogo sana. Kumwongezea dozi mtu anayekwenda chali kunaweza kumshusha presha na kumwachia maanguko mawili badala ya moja. Usiongeze, wala usikatishe ghafla. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na hatari ya kifo.

Na akilazwa hospitali kwa jambo jingine lolote, wewe ndiye mlinzi wa saa zake. Waambie wodini kwamba vidonge hivi havifuati mzunguko wa kawaida wa dawa. Waambie pia kwamba metoklopramidi na proklorperazini, dawa za kuzuia kutapika, na haloperidoli, dawa ya kutuliza akili, huzuia dopamini na zinaweza kumfanya ashindwe kuinuka kabisa. Andika kwenye karatasi, ibandike kwenye faili.

Usiku, na mambo ya kichwani

Usiku unakusanya yote: dawa imeisha, presha inashuka akiinuka, giza limeficha tepu, na kibofu kinasema sasa hivi. Haja ya ghafla ni sehemu ya ugonjwa. Apunguze vinywaji saa chache kabla ya kulala, kiu yake aimalize mchana. Chupa ya kukojolea au kiti chenye ndoo kando ya kitanda si aibu, ni hatua kumi na mbili ambazo hatazitembea gizani. Taa ndogo inayojiwasha ukipita tuliiweka chini, usawa wa miguu. Mazulia madogo tuliyatoa yote. Bafuni tukafunga vishikio vya ukutani, maana taulo na bomba si vitu vya kushika. Ndala na kandambili tuliziweka kando. Kiatu kiwe kimefungwa nyuma, soli nyembamba, isiyoteleza lakini isiyong'ang'ania sakafu, kwa sababu mguu unaoburuzwa kwenye soli ya mpira mzito unanasa.

Hayo ni rahisi. Gumu ni mtu anayeinuka bila kukuita.

Nilimkasirikia sana kwa hilo, mpaka nilipoelewa kwamba si ukaidi wote. Parkinson kwa wengi hugusa sehemu ya ubongo inayopima hatari na kuzuia pupa. Anaona kopo limedondoka, na mwili unaondoka kabla hajakumbuka kwamba hawezi. Muulize baadaye, atakwambia kwa usahihi alichopaswa kufanya. Kumrudia mara mia "Usisimame peke yako!" hakuingii mahali kunapohitajika. Kinachoingia ni mazingira: anachokitaka kiwe mkononi, kengele iwe mezani, na karatasi yenye maneno mawili, SIMAMA KWANZA, iwe mbele ya macho yake.

Nilijikagua na upande wangu. Alikuwa ananiita, najibu "nakuja sasa hivi," kisha namaliza vyombo. Dakika nne kwa mtu mwenye kibofu kile ni nyingi. Sasa nikisema nakuja, nimeshaondoka.

Hata hivyo sikubaliani na wanaoshauri mgonjwa akalishwe siku nzima ili asianguke. Misuli inayokaa inakwisha, na anguko linalofuata linakuta mwili mdogo zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na woga wa kuanguka peke yake hufupisha hatua na kukakamaza mwili. Tumekubaliana hatari moja tutakayoibeba: kila jioni anatoka peke yake mpaka benchi lililo nje, na kurudi. Mimi naangalia dirishani na yeye anajua naangalia.

Mazoezi yana ushahidi. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 195 waliogawanywa makundi matatu. Waliofanya tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, walikuwa na mizani bora na walianguka mara chache kuliko waliofanya ya kunyoosha viungo peke yake. Mazoezi ya kuongeza nguvu nayo yalisaidia. Kwa ambaye ugonjwa umekwenda mbali, mazoezi ya mizani yasifanywe bila mtu wa kumsimamia.

Mkono wako uwekwe wapi

Simama upande wake ulio dhaifu, nusu hatua nyuma. Yeye akushike wewe, kiwiko chako kikiwa kimekunjwa na kutulia kama reli. Ukimshika wewe, utamsukuma bila kujua. Mkanda mpana kiunoni mwake unakupa mahali pa kushika karibu na uzito wake. Usimshike kwapa wala usimvute mkono, bega linateguka.

Akiwa anakwenda chini, acha aende. Najua moyo unakataa. Lakini ukimdaka mtu mzima anayeanguka, mnaanguka wawili, na asubuhi hakuna wa kumpa dawa. Msogeze karibu nawe, mwache ateleze kwenye paja lako, mkono wako mmoja ulinde kichwa.

Akishafika sakafuni, dakika ya kwanza hakuna kuinuana. Muulize panauma wapi. Akilia nyonga, au mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, usimsogeze, ita msaada. Shingo ikiuma, vilevile. Kama amegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu isigande, apelekwe hospitali hata akisema hajambo. Na kwa wiki kadhaa baada ya kugonga kichwa, kichwa kuuma kunakozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa kupya ni dalili za damu kuvuja taratibu ndani ya fuvu.

Akiwa mzima, mwongoze kwa maneno. Ageukie ubavu. Ajisukume kwa kiwiko mpaka mikono na magoti. Wewe lete kiti kizito mbele yake, aweke viganja juu yake, auweke mguu wenye nguvu mbele unyayo ukiwa sakafuni, ajisukume. Kiti cha pili kiwe tayari nyuma, akae papo hapo. Atulie dakika kadhaa kabla ya kusimama tena. Tulilifanyia mazoezi jambo hili siku ambayo hakuna aliyeanguka, mchana, na mtaalamu wa fiziotherapia akiwepo. Ukijifunza saa nane usiku, mmoja akiwa analia na mwingine anatetemeka, hujifunzi. Kwa kuwa wenye Parkinson wengi wana mifupa dhaifu, muulize daktari kuhusu kipimo cha mifupa na vitamini D.

Kuna maanguko mawili yasiyongoja kliniki ya mwezi ujao. La kwanza ni la mtu aliyekuwa ametulia akaanza kuanguka kila siku ndani ya wiki moja. Tafuteni maambukizi ya mkojo au kifua, choo kilichofunga, upungufu wa maji, au dawa mpya. Parkinson yenyewe haikimbii hivyo. La pili ni la mtu anayeanguka, hasa kwenda chali, ndani ya mwaka wa kwanza wa dalili zake, na anapata shida kuyashusha macho kutazama chini. Huyo apelekwe tena kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, kwa sababu uko ugonjwa mwingine unaofanana na Parkinson mwanzoni, na njia yake ni tofauti.

Daftari letu limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ya kitanda ili lisipotee. Kila mstari una saa, alichokuwa akifanya, dozi ya mwisho, upande alioangukia, na kama aliganda au alilegea. Hata yale ambayo nusura aanguke tunayaandika. Miezi miwili iliyopita mistari saba kati ya tisa ilikuwa na saa zinazokaribiana, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, yote mlangoni. Nilimpa daktari daftari bila kusema neno. Akalisoma, akaisogeza dozi ya saa kumi na moja ikawa saa tisa na nusu. Mwezi huu ukurasa una mistari miwili.